Kisu na Nusu ya Humu

Walificha visu vyote vya nyumba ile. Kisu cha mkate, kisu cha nyama, hata kile kidogo cha kumenyea viazi ambacho kilikuwa butu kama kijiko. Walivifunga ndani ya taulo wakaviweka juu ya kabati la nguo, nyuma ya sanduku. Nilikuja kujua siku nilipoingia jikoni kwa jirani yangu nimkatie papai. Nilifungua droo nikakuta vijiko na uma tu. Nikamuuliza bintiye visu viko wapi, naye akanivuta hadi kwenye korido akaninong'oneza kwamba mama anataka kisu. Alitaja kisu hospitalini mbele ya daktari, akakitaja tena garini, na tangu warudi nyumbani amekitaja mara nyingine. Wanaogopa asije akajidhuru.

Nikamuuliza daktari alikuwa amemuuliza mama swali gani.

"Alimuuliza alizaliwa wapi," akasema. "Mama akajibu kisu. Kisu na nusu ya humu."

Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka chenyewe, na yule binti akarudi nyuma kana kwamba ugonjwa wa mamake umeniambukiza. Kisu, ukiongeza nusu ya neno humu, yaani mu, unapata Kisumu. Na mwanamke huyo alizaliwa Kisumu kweli, kwenye nyumba za reli, babake alipokuwa karani wa bohari. Aliulizwa swali, akajibu sawasawa, na thawabu yake ikawa kufichwa visu katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Kicheko kilinikauka papo hapo. Kilichofuata ni hasira, na mpaka leo ninapoandika haya haijanitoka, wala sijaiomba initoke.

Mimi na yeye tumeishi ukuta kwa ukuta pale Komarock tangu watoto wetu wakiwa wa chekechea. Yeye ni Mluhya wa ndoa na wa kuzaliwa, mtu wa kanisa, alipiga chapa katika ofisi za kaunsili ya jiji hadi akastaafu. Mimi wazee wangu walipanda gari moshi kutoka pwani wakaja kutafuta riziki, nikazaliwa na kukulia Istlando hii hii, mashariki ya Nairobi, na kila Ramadhani nafunga. Nina duka dogo hapo langoni kwangu, la dirisha lenye nondo, nauza unga, sukari, sabuni, mafuta ya kupima na mahamri ya asubuhi. Watu walikuwa wakishangaa tunapatana vipi. Wengine walidhani ni mambo ya chama cha akina mama. Hatukuwahi kuwa na chama. Tulikuwa na gazeti la Jumamosi.

Katika gazeti hilo, ndani kabisa, karibu na matangazo ya vifo, huwa kuna chemshabongo. Siyo ile ya kukuuliza mji mkuu wa nchi fulani au mnyama mwenye shingo ndefu. Hii vidokezo vyake vimesukwa kwa hila. "Lima vibaya, bado upate utajiri," herufi nne. Mtu wa kawaida atakaa hapo akimfikiria mkulima mvivu mwenye bahati. Kumbe unatakiwa uzivuruge herufi za lima tu, zinakupa mali. "Tumbo limekatwa kichwa, limebaki sura." Ondoa herufi ya mwanzo ya tumbo, unabaki na umbo. Mtungaji wake hatukumjua jina wala uso, basi tukamwita Ibilisi. Jumamosi nyingine tulimsifu, nyingine tukamlaani yeye na waliomfundisha kusoma.

Tulikuwa tunafanyia kazi hiyo dukani kwangu. Yeye ameketi ndani juu ya kreti ya soda iliyotandikwa leso, mimi nimesimama kaunta, gazeti katikati yetu. Na tulikuwa na namna yetu. Mmoja akipata jibu hakubaliwi kuliandika. Hata kulitaja hakubaliwi. Anamvuta mwenzake polepole, "angalia neno la pili, usiliamini," "hapo amekuficha kitu katikati," mpaka mwenzake naye afike kwa miguu yake. Hapo ndipo tunalipinga pamoja kama mawakili wenye njaa, na likisimama linaandikwa. Kuna siku tulikwama kwenye neno moja tangu asubuhi mpaka jua la alasiri, wateja wakafoka, mahamri yakapoa, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kushindwa.

Baadaye ikawa ugonjwa wetu. Akija kununua kitu siku za kawaida haombi kama binadamu wengine. Anasimama dirishani mbele ya foleni anasema, "Dada, nipe suka na nusu ya riba." Suka, kisha ri. Sukari. Na siku bei ilipopanda alisema sasa nusu haitoshi, mwenye duka anataka riba yote. Akitaka unga anasema anaomba kilichomo tumboni mwa mchungaji, maana ukilitazama neno mchungaji utauona unga umekaa humo ndani, na yeye ndiye mwimbaji wa kwaya. Vijana wa foleni walikuwa wanamwambia, "Shosho, wewe huwa na vako," yaani nyanya ana vituko, naye anafurahi kuliko aliyepewa sukari ya bure.

Halafu kiharusi kikampiga. Alikuwa anaanika nguo. Mimi ndiye niliyesikia beseni likianguka upande wa pili wa ukuta, mimi ndiye niliyevunja kufuli la lango na kumtafutia gari. Nasema hivyo kwa sababu siku iliyofuata, kwenye mlango wa wodi, kijana mwenye sare aliniambia wanaingia jamaa tu. Nikampigia simu mwanawe mkubwa, aliyekuwa ndani wakati huo, aje aniingize. Aliniambia kwa upole, "Anti, tulia tu, tutakujulisha." Hawakunijulisha kitu. Nilikaa mlangoni na chupa ya uji mpaka uji ukashika utando juu, nikarudi nao nyumbani.

Walipomleta, mkono wa kulia ulikuwa mzito na maneno yamepotea. Si kwamba hakujua vitu. Ukimwonyesha kikombe anakijua, anajua kinafanya kazi gani, anajua hata nani alimpa. Jina lake tu ndilo halitoki. Mama mmoja wa kliniki, wa mazoezi ya kuongea, aliwaambia watoto kwamba barabara kubwa ya maneno imefungwa, kwa hiyo maneno yatakuwa yanatafuta vichochoro, wawe na subira. Waliniambia jambo hilo kama habari tu, kama vile mtu anavyokusimulia hali ya hewa. Hawakujiuliza mama yao ana vichochoro gani. Mwanamke amekaa juu ya kreti yangu kila Jumamosi tangu wao wakiwa na makamasi, anafundisha ulimi wake kupita nyuma ya nyumba badala ya mlango wa mbele, na wao walikuwa wanaliona hilo kuwa mchezo wa wanawake wasio na kazi.

Siku ile ya visu nilirudi chumbani, nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikamwambia, "Kisumu." Hilo tu. Alinitazama. Kisha akafumba macho na machozi yakamtoka, yakaingia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali, nami nikamfuta kwa ncha ya mtandio wangu. Kwa majuma hayo yote hakuna mtu aliyekuwa amemwelewa hata neno moja.

Nilimweleza bintiye. Nilimweleza mara mbili, nikamwandikia nyuma ya risiti aone kwa macho yake. Binti ana moyo mzuri, tatizo lake ni kwamba hafanyi jambo kabla ya kumuuliza kakake. Akampigia simu pale pale, akaweka sauti juu. Kakake, ambaye ni meneja wa kitu fulani katika jengo refu na anaishi mbali na Istlando siku hizi, akasema anti anampa mama moyo na ni vizuri, Mungu ambariki, lakini asije akawachanganya. Mgonjwa wa kiharusi hawezi kuwa anatunga mafumbo. Akasema hivyo kwa sauti ya mtu anayefunga mkutano, na visu vikabaki juu ya kabati.

Tukaanza upya, mimi na yeye. Kila siku baada ya adhuhuri nilikuwa nafunga dirisha la duka na kuingia kwake. Sitaki kudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Kwenye gazeti Ibilisi anakupa miraba, unajua neno lina urefu gani, unakopa herufi kutoka neno jirani. Hapa kulikuwa na uso wa mtu tu, na vipande viwili vitatu vinavyotoka kwa jasho. Mara nyingine fumbo lenyewe lilikuwa limevunjika kabla halijafika mdomoni. Alasiri moja alikuwa anasema ndege, anasema nyuma, anasema yangu, ndege nyuma yangu, na mimi nikajaribu kila ndege ninayemjua wa angani na wa kufugwa. Nikampeleka dirishani, nikamletea picha za mjukuu aliye ng'ambo. Hakuna. Alichukua rimoti ya televisheni kwa mkono ule mzima akaitupa ukutani. Jibu la siku hiyo sijalipata mpaka leo. Lakini tulipata mengine, mto wa mgongoni, na redio, na jina la binti yake, ambalo lilimchukua nusu saa na binti mwenyewe alikuwa ameshatoka kwenda sokoni.

Kisha ikafika Jumamosi waliyokuja wote. Nilikuwa nimebeba gazeti kwapani. Mwanawe mkubwa alikuwa sebuleni na mkewe, na binti, na mbele ya kiti cha mama yao, juu ya meza ndogo na juu ya zulia, kulikuwa kumepangwa sahani, bakuli, vikombe, sufuria mbili, jagi, chupa ya chai na hata lile hotipoti la harusi. Nikadhani wanahama. Mke wa mwanawe akaniambia, kwa huruma ya kweli, kwamba mama amekuwa akiitisha chombo tangu asubuhi. Wamemletea vyombo vyote vya nyumba na hakitaki hata kimoja, anavisukuma. Sasa wameona kwamba akili inaenda, na tena amejikojolea, kwa hiyo wametuma zikaletwa nepi za watu wazima. Pakiti ilikuwa juu ya kochi, imefunguliwa.

Jirani yangu hakuwa anawaangalia. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Chombo," akasema. "Toa... moyo."

Andika neno chombo. Toa kilicho katikati ya zile o zake mbili, m na b. Kinachobaki ni choo.

Nilimshika kwapa, nikamwinua, nikaruka sufuria, nikampeleka. Kule ndani alinishika bega kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, na tulikaa hapo muda, mlango umefungwa, maji ya mfereji yakichuruzika. Mwanamke aliyekuwa akipiga pasi sketi zake Jumapili usiku kwa ajili ya wiki nzima, aliyekuwa hawezi kuja dirishani kwangu kununua kiberiti bila kujipaka mafuta. Nilimbadilisha gauni. Nilimrudisha kitini, nikawageukia.

"Mama yenu hajarudi utotoni," nikawaambia. "Tangu asubuhi anawaomba choo, na nyinyi mnamletea sahani."

Nikawaonyesha. Nikaandika kwenye ukingo wa gazeti, nikazikata zile herufi mbili za katikati. Binti akaweka mkono mdomoni. Mwanawe akaiangalia karatasi muda mrefu, na nikafikiri sasa limeingia, sasa mtoto huyu niliyempa mahamri ya bure miaka yote ya shule ya msingi amemwona mamake. Akainua kichwa.

"Lakini anti," akasema, "kwa nini basi asiseme tu choo?"

Ningemjibu nini? Kwamba aliyevunjika mguu anaruka kwa mmoja kwa sababu anapenda kuruka? Nilikaa kwenye kochi, karibu na zile nepi, nikalikunja gazeti.

Akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akatangaza kilichowaleta. Wamekaa kama familia wakaamua kumpeleka mama ushago, kijijini kwa marehemu baba, wiki ijayo. Kuna hewa safi, kuna uwanja mkubwa, kuna mama mmoja wa huko amekubali kukaa naye. Hapa Nairobi kuna kelele, kuna ngazi pale mlangoni, binti ana kazi yake, nani atamtunza?

Nikasema, mimi. Nipo upande wa pili wa ukuta. Nikawauliza kule anakopelekwa amewahi kuishi lini. Alizaliwa Kisumu kwenye nyumba za reli, akaolewa akiwa tayari Nairobi, akafanya kazi Nairobi, akazika mume akarudi Nairobi. Kule huenda Krismasi, anakaa kwenye hema na wageni wenzake, anarudi na kuku mmoja kwenye katoni. Watu wake ni wa huku. Rafiki zake wa kwaya wako Kayole na hapa Komarock. Huko nani atakaa chini kumsikiliza?

"Anti, tunakuheshimu sana," mwanawe akasema. "Lakini hili ni jambo la familia."

Naweza kusema mengi kuhusu neno familia. Familia ndiyo iliyoficha visu. Familia ndiyo iliyoniacha mlangoni na uji. Lakini nilijizuia, nikauliza kitu kimoja tu: mmemuuliza mwenyewe? Binti akainamisha kichwa. Mwanawe akasema kwa uchovu kwamba wakimuuliza atawapa fumbo tu.

Ndipo aliposema. Kutoka kwenye kiti chake, katikati ya sufuria zote zile, bila kichochoro, bila kuvuta pumzi, neno zima likiwa limenyooka kama zamani.

"Sitaki."

Mimi nilisimama. Nilitaka kupiga vigelegele, nilitaka kulia, nilitaka kuwaambia haya, hilo nalo mnataka niwaandikie? Mwanawe akaniinamia sikioni, mpole kabisa, kama mtu anayemliwaza aliyefiwa, akasema, "Umeona? Daktari alituambia wagonjwa wa kiharusi huwa na hasira. Ni ugonjwa tu."

Kwa hiyo akisema kwa fumbo ni ugonjwa, na akisema waziwazi ni ugonjwa. Nilimwambia hivyo, tena kwa sauti, na dirisha lilikuwa wazi, majirani wote wakasikia. Nilimwambia mengine ambayo si ya kuandika. Mkewe akaanza kuviokota vikombe. Mimi nikatoka na gazeti langu, na jioni hiyo nikauza sukari kwa watu nisiowaona, sikumrudishia mtu salamu.

Asubuhi ya safari walikuja na gari kubwa. Walimkalisha kiti cha nyuma, mito pande zote, mkanda umefungwa. Nilimwekea mahamri kwenye mfuko na nikamfunga mtandio vizuri, kwa sababu aliyemfunga alimfunga kama gunia. Alinishika mkono asiuachie. Mwanawe akaja upande wangu na simu mkononi. Alionekana hajalala, na kidogo nilimwonea huruma, mpaka alipofungua mdomo.

Aliniomba nimtumie orodha. Yale maneno ya mama na maana zake, ili yule mama wa kule ayasome. Chombo ni choo, kisu ni Kisumu, na mengine yote ninayoyajua. Alisema itawasaidia sana.

Nikamwambia hakuna orodha. Hayo si maneno aliyoyaweka akiba, kila mara anatunga upya, kesho choo kitakuja kwa njia nyingine kabisa. Dawa yake ni moja, kukaa chini mbele yake na kufuata anakokwenda. Akatazama saa. Akasema yeye ana kazi, Jumatatu lazima awe ofisini, muda huo anautoa wapi? Nikaondoa mkono wangu polepole kwenye mkono wa mamake, kidole kimoja kimoja, kwa sababu mwanawe alikuwa ameshazunguka, akakaa kwenye usukani na kuwasha gari.

Nilifungua duka. Nilifikiri kazi itanituliza, na haikunituliza. Nilimpigia kelele kijana wa mikate kwa kosa la mtu mwingine. Karibu na adhuhuri simu ikalia, nikaona jina la mwanawe.

"Anti, samahani," akasema. "Mama anarudia neno moja tangu Limuru. Anasema mji. Mji, halafu anasema a ndani. Nimemtajia kila mji tunaoupita. Nimemwambia hii ni Naivasha, nimemwambia Gilgil, sasa tunaingia Nakuru. Anazidi tu kulia."

Nililijua jibu kabla hajamaliza. Na ningeweza kulitaja likaisha, gari likaendelea. Lakini nilimwona kichwani, mikono kwenye usukani, anamtajia mamake miji kupitia kioo kidogo. Nikamwambia asimamishe gari. Akasema wako barabarani. Nikamwambia atoke barabarani, asimamishe, ashuke, aende nyuma aketi karibu naye, asipofanya hivyo nakata. Nikasikia indiketa ikigonga. Nikasikia mlango, kisha mlango mwingine, na sauti ya mamake ikawa karibu.

"Muulize neno lina herufi ngapi," nikamwambia.

Nadhani aliona haya. Malori yalikuwa yanapita, moja, jingine, na mkewe alikuwa anauliza kuna nini. Halafu nikamsikia, kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho akiwa na kaptula za shule.

"Mama, lina herufi ngapi?"

Alingoja. Hilo nampa, alingoja kweli.

"Ameonyesha vidole vinne," akaniambia.

"Na mji una ngapi?"

"Tatu."

"Sasa fuata alivyokuambia."

Nikamsikia akinong'ona mwenyewe, mji, a ndani, mji, a iko ndani, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Akakosea mara moja, akaiweka mwisho. Sikumsaidia. Nilisikia akimwambia mkewe kwa sauti isiyo yake, "Chupa. Lete hiyo chupa ya mlangoni." Kizibo kikalia. Nikamsikia jirani yangu akinywa, akinywa bila kupumzika, mpaka ile plastiki ya chupa ikajikunja kwa sauti.

Maji. Alikuwa na kiu tangu Limuru, na chupa ilikuwa imesimama kwenye mlango wa mbele, kando ya goti la mwanawe.

Aliporudi kwenye simu alikuwa analia, na mimi sikumbembeleza. Alisema hakujua. Alisema anti, kweli hakujua. Halafu akavuta makamasi akasema ana ombi. Kama ningeweza kuja, hata mwezi mmoja, nikae na mama kule mpaka yule mwanamke azoee. Atanitumia nauli leo leo. Watanitengea chumba changu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mtu anaweza kukasirika hadi akawa mtulivu. Nikamwambia nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa hapo kila siku, bure, kwa miguu yangu, na aliniambia ni jambo la familia. Amembeba mamake kutoka kwangu mpaka Nakuru, na sasa ananiomba niwafuate. Nikamwambia sihitaji nauli. Geuza gari, nikamwambia.

Akasema wamefika mbali. Akasema kule wameshaandaa kila kitu, watu wanawangoja, wamechinja. Nikasema geuza gari. Hapo nikaisikia sauti ya mamake kutoka kiti cha nyuma, imelowa maji bado, wazi kabisa, haina fumbo lolote.

"Geuza," akasema.

Na mwanawe akaisogeza simu karibu na mdomo, akaniuliza kwa adabu zake zote, "Anti, hiyo sasa maana yake ni nini?"